Namna ya Kuiandaa Sabato ya Kiyahudi Mbale, Pamoja na Sikukuu Zinazofuata Kalenda Yake

Mwongozo huu unawahusu watu wa namna tatu. Wa kwanza ni kijana wa jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, anayeanzisha nyumba yake mwenyewe, ambaye mpaka sasa kazi zote za Sabato alikuwa akifanyiwa na mama yake. Wa pili ni yule aliyeoa au kuolewa katika jamii hii akitokea dini nyingine. Wa tatu ni mgeni, pengine mfanyabiashara kutoka Busia au Malaba, atakayelala katika makazi yetu ya Nabugoye, Putti au Namutumba usiku wa kuamkia Jumamosi na asiyependa kuwatia wenyeji wake aibu. Wote watatu huuliza swali lile lile: siku hiyo haturuhusiwi kufanya nini? Swali hilo lina majibu, na majibu yatakuja, lakini mwenye kulianza jambo kwa swali hilo atajikuta Ijumaa jioni ana sufuria mbichi, jerikeni tupu na kuku ambaye bado anawika. Sabato hutengenezwa Alhamisi na Ijumaa. Marabi wa kale walilisema hilo katika Talmudi: aliyejitaabisha siku ya kuamkia Sabato ndiye atakayekula siku ya Sabato.

Niongeze jambo moja kwa wasomaji wa Uganda. Majirani zetu Waadventista nao hupumzika Jumamosi, kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na watu wengi mjini hutuweka katika kapu moja nao. Siku ni ileile na heshima ni ileile, lakini sheria za moto, za kubeba vitu na za kumaliza siku ni tofauti, na mwongozo huu unafuata desturi ya Kiyahudi peke yake.

Jinsi taratibu hizi zilivyofika Mbale

Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuitia mkononi Uganda ya mashariki, kisha akakosana nao alipoona kwamba hawatampa ufalme alioutarajia. Alijiunga na Bamalaki, kundi la Kikristo lililokataa dawa na matabibu, akaendelea kuisoma Biblia kwa namna yake. Mwaka 1919 alishika agizo la tohara, akajitahiri pamoja na wanawe. Bamalaki walimwambia kwamba mtu anayefanya hivyo ni Myahudi, naye akakubali kuwa Myahudi. Mwaka 1920 alikutana na Myahudi mgeni aliyekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef, ambaye alikaa naye kwa miezi kadhaa akamfundisha kalenda, sikukuu na sheria za chakula. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kwa Kiluganda kitabu cha kurasa 90 hivi cha kuwaelekeza wafuasi wake. Kwa hiyo miongozo ya namna hii si jambo jipya hapa; huu ni mdogo wake tu, na umeandikwa kwa lugha nyingine. Kakungulu alifariki mwaka 1928 na jamii yake ikabaki.

Wapo wanaochanganya historia hii na ule unaoitwa Mpango wa Uganda. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapendekezea viongozi wa Wazayuni ardhi katika Afrika ya Mashariki, jambo likajadiliwa katika mkutano wao mjini Basel mwaka uleule, na mkutano wa mwaka 1905 ukalikataa. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Abayudaya hawakutokana na mpango huo kwa njia yoyote.

Leo walio wengi katika jamii hufuata mkondo unaoitwa wa Kikonsavativu, na mwaka 2002 marabi wa mkondo huo walikuja Mbale wakawapitisha mamia ya watu katika taratibu rasmi za kuingia Uyahudi. Gershom Sizomu, aliyehitimu urabi Marekani mwaka 2008, ndiye kiongozi wao wa dini, na aliwahi pia kuwa mbunge. Putti wameelekea zaidi mkondo wa Kiorthodoksi. Mahali ambapo mikondo hii inatofautiana, uliza sinagogi unalosali. Mimi nitaonyesha njia kali kidogo, kwa sababu ni rahisi kulegeza kuliko kukaza.

Kuanzia Alhamisi

Anza na shamba. Katika miteremko ya Mlima Elgon kahawa huvunwa kwa wingi kuanzia karibu mwezi wa Oktoba hadi Februari, na kahawa aina ya arabika haisubiri mtu: tunda lililochumwa hukobolewa siku ileile, mbegu zake huvundikwa usiku kucha ili utelezi uachie, kisha huoshwa na kuanikwa. Ukichuma Ijumaa, kuosha kutaangukia Jumamosi, na kuosha huko huwezi kukufanya. Ukiacha mpaka Jumapili, buni imeshachacha kupita kiasi na bei yake imeshuka. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kuchuma katika juma ni Alhamisi. Ikobolewe Alhamisi jioni, ioshwe Ijumaa asubuhi, ianikwe kwenye chanja, na ifikapo saa kumi alasiri iingizwe ndani ya banda hata kama mbingu ni nyeupe. Mvua ya Jumamosi ikikuta buni nje utabaki kuitazama, maana kuikusanya na kuibeba ni kazi. Waliojiunga na ushirika wa Peace Kawomera, ulioanzishwa mwaka 2004 na wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo kwa pamoja, wana faraja moja: wenzao wanajua kwa nini mtu fulani haonekani Jumamosi, naye anajua kwa nini mwingine haonekani Ijumaa mchana.

Baada ya shamba ni nyama. Katika mabucha ya kawaida ya mjini hutapata nyama inayofaa, kwa sababu mnyama lazima achinjwe na mchinjaji aliyefunzwa sheria za Kiyahudi, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo la kukwama ukucha. Nunua kuku hai Alhamisi, umpeleke kwa mchinjaji Ijumaa asubuhi na mapema, kisha nyama iloweke katika maji nusu saa, ipakwe chumvi ya chengachenga pande zote na kuachwa saa nzima mahali pa mwinamo ili damu ichuruzike, halafu isuuzwe mara tatu. Hesabu mwenyewe: kuku aliyechinjwa saa tatu asubuhi hawezi kuingia sufuriani kabla ya saa tano. Mwenye haraka ale samaki. Ngege na sangara wana mapezi na magamba, kwa hiyo wanaruhusiwa wala hawahitaji mchinjaji wala chumvi. Kambare hana magamba, mwache.

Maji yachotwe Ijumaa, ya kunywa, ya kunawa na ya mifugo. Familia ya watu sita yenye wageni wawili itahitaji zaidi ya inavyodhani, kwa hiyo jaza kila chombo ulicho nacho. Simu zichajiwe kwa ajili ya Jumamosi usiku, wateja waarifiwe kwamba hutapokea wala kutuma pesa mpaka siku iishe, na karatasi za msalani zikatwe vipande kabla, maana kurarua nako kumo katika orodha ya kazi. Mgeni huchekelea jambo hilo la karatasi. Akishakaa Sabato mbili haliulizi tena.

Saa ya kuwasha mishumaa

Mwanamke wa nyumba, au yeyote aliyepo kama hayupo, huwasha mishumaa isiyopungua miwili dakika 18 kabla ya jua kuzama. Nchi za kaskazini zina taabu ya kuitafuta saa hiyo upya kila wiki, kwa kuwa majira ya baridi jua lao huzama mapema mno. Sisi tulio karibu na ikweta tumepunguziwa taabu hiyo. Hapa Mbale jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa moja usiku katikati ya Februari. Miezi mingine yote huangukia katikati ya hapo. Anayewasha saa kumi na mbili na dakika kumi jioni hatachelewa wiki yoyote ya mwaka, na kwa nyumba yenye watoto naona heri kuishika saa moja ya kudumu kuliko kuvizia dakika. Safu ya Wanale iko mashariki mwa mji, kwa hiyo haitakudanganya jioni. Jua lako linazama upande wa tambarare na unaliona mpaka mwisho.

Mishumaa si sharti. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sura ya pili ya kitabu chake cha Sabato, inataja mafuta yanayofaa kwa taa ya Sabato, na miongoni mwa yaliyokubaliwa na wengi wa marabi ni mafuta ya ufuta, yale yale yanayokamuliwa kaskazini mwa nchi yetu. Kibatari cha mafuta ya taa kinafaa pia. Kinachotakiwa ni mwali uliotulia, kwani shabaha ya taa hiyo ni watu wapate kula wakionana na mtu asijikwae gizani, na mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa shabaha hiyo haihitaji maelezo. Kiwekwe mahali ambapo mtoto hatakifikia na upepo hautakipiga, kwa sababu kikizimika hakiwashwi tena na kikiwaka hakizimwi wala hakisogezwi.

Jiko

Kupika ni marufuku tangu machweo. Kula chakula cha moto si marufuku. Katikati ya sheria hizo mbili kuna ufundi mzima wa jikoni, na hapa ndipo nyumba nyingi changa hushindwa, zikaishia kula chakula baridi na kuichukia siku yenyewe. Kanuni ni hii: chakula kiwe kimeshaiva, au kimeiva kiasi cha kulika, kabla ya jua kuzama, na makaa yaliyo chini yake yawe yamefunikwa kwa majivu, ili mtu asishawishike kuyachochea. Mishna inazungumzia jiko ambalo makaa yake yameondolewa au yamefunikwa majivu, na anayelijua sigiri atadhani waliiandika Mbale.

Fanya hivi. Saa kumi alasiri washa sigiri na ulijaze makaa magumu ya mti mzito, si yale mepesi yanayopasuka. Kufikia saa kumi na moja chakula kiwe kinachemka. Chakula cha kulala motoni kiwe kizito na chenye mchuzi wa kutosha: maharage na viazi pamoja na kipande cha nyama, vilivyoongezwa maji vikombe viwili zaidi ya kawaida, kwani usiku wote yatakauka na hutaruhusiwa kuongeza. Dakika arobaini kabla ya machweo, ipua sufuria, mwaga majivu makavu juu ya makaa mpaka wekundu usionekane, weka bati au kipande cha chuma juu yake, kisha rudisha sufuria na uifunike vizuri. Milango ya sigiri ya kuingiza hewa ifungwe, ibaki upenyo wa kidole. Sigiri liwe nje ya chumba cha kulala, barazani au katika jiko lenye madirisha wazi, na hilo nalitilia mkazo kuliko jambo lolote katika sehemu hii, kwa sababu hewa ya makaa huua watu waliolala. Sufuria likishaepuliwa kesho mchana na kuwekwa chini, limeepuliwa, halirudishwi.

Matoke yalikuwa tayari kwa Sabato kabla Sabato haijafika huku. Ndizi zilizomenywa, zikafungwa katika majani ya mgomba, zikatiwa mvuke, zikapondwa ndani ya majani na kurudishwa juu ya moto mdogo, hukaa saa nyingi zikazidi utamu. Zipondwe kabla ya jua kuzama, basi. Malewa, yaani machipukizi ya mianzi, ya karanga nayo hustahimili usiku, ila mchuzi uwe mwepesi kuliko ulivyozoea. Posho, yaani ugali wa mahindi, haistahimili, hugeuka tofali.

Mkate ni lazima uwe wa ngano, au wa nafaka nyingine ya zile tano ambazo sheria inazitambua, nazo ni ngano, shayiri, rai, oti na speliti. Posho na kalo, ugali wa ulezi, ni chakula kizuri, lakini baraka ya mkate haisomwi juu yake. Okeni mikate mizima miwili kwa kila mlo, kukumbuka kwamba jangwani mana ilishuka maradufu siku ya sita. Kama hamna tanuri, sufuria nzito yenye makaa chini na juu ya kifuniko huoka vizuri.

Jioni na mchana wake

Mishumaa ikishawaka watu huenda sinagogi, ambako Zaburi za 95 hadi 99 na ya 29 huimbwa kuikaribisha siku. Kwetu nyingi huimbwa kwa Kiluganda na kwa sauti za hapa, na mgeni anaweza kuitikia hata kama hajui herufi moja ya Kiebrania. Mwanamume afunike kichwa. Salamu ya mlangoni ni Shabat Shalom, nayo hujibiwa vilevile. Mzee wa nyumba husalimiwa kwanza, na shikamoo haikatazwi na Sabato.

Nyumbani, kabla ya kula, husomwa Kidushi, baraka ya kuitakasa siku, juu ya kikombe cha divai au maji ya zabibu. Divai iliyotengenezwa kwa kufuata sheria ni adimu na ghali Uganda. Zipo njia mbili zilizokubaliwa tangu kale. Ya kwanza ni kuloweka zabibu kavu ndani ya maji kwa siku tatu na kuzikamua. Ianze Jumanne, na kijazwe kikombe kisichopungua mililita 86. Ya pili, kama hata zabibu hakuna, ni kusoma Kidushi cha Ijumaa usiku juu ya mikate yenyewe. Hakuna sababu ya mtu kukopa pesa kwa ajili ya chupa.

Siku yenyewe ina aina 39 za kazi zilizokatazwa, zilizoorodheshwa katika sura ya saba ya Mishna ya Sabato, na mkulima wa Mbale atazielewa upesi kuliko karani wa Kampala: kulima, kupanda, kuvuna, kupura, kupepeta, kusaga, kuchekecha, kukanda, kuoka, kufua, kusokota, kufunga fundo la kudumu, kuandika, kujenga, kuwasha na kuzima moto, kubeba kitu kutoka ndani ya boma kwenda njia ya watu wote, na nyinginezo. Uzito wa kitu hauhusiki. Kuhamisha benchi zito kutoka upande mmoja wa sebule kwenda mwingine kunaruhusiwa, na kutembea barabarani na ufunguo mfukoni hakuruhusiwi. Ufunguo basi huvaliwa kama kifungo cha mkanda, au nyumba huachiwa mtu. Boda-boda haipandwi, na mwendo wa miguu nje ya eneo la makazi hauzidi dhiraa 2,000, yaani kama kilomita moja. Anayeishi mbali na sinagogi alale kwa ndugu.

Ng'ombe na mbuzi hulishwa na kunyweshwa kama kawaida, na maandiko yanawataja wanyama waziwazi miongoni mwa wanaopaswa kupumzika. Ng'ombe wa maziwa aliyejaa huumia, na kwa ajili hiyo jirani asiye Myahudi huweza kumkamua. Mpangilie Ijumaa, si Jumamosi asubuhi kwa ishara za mikono. Simu izimwe kabisa.

Sala ya Shema ya asubuhi isomwe kabla ya mwisho wa saa ya tatu ya mchana. Saa hizo huhesabiwa tangu jua lichomoze, kama tunavyohesabu saa zetu Waafrika Mashariki, isipokuwa jua halichomozi Mbale saa kumi na mbili kamili: kwa saa ya mkononi mwisho huo huangukia kati ya saa tatu na dakika ishirini na tano na saa nne kasoro, kutegemea mwezi. Mlo wa pili ni mchana na wa tatu ni alasiri. Kati ya hiyo ni usingizi, masomo na maongezi.

Uhai unapokuwa hatarini

Sehemu hii isomwe na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa darasa la tano. Mama akishikwa na uchungu, mtoto akipandwa na homa kali au degedege, mtu akiumwa na nyoka, mzee akibanwa kifua: simu inawashwa, boda-boda au gari linaitwa, pesa zinalipwa, taa zinawashwa, tena hufanywa na mtu aliye karibu zaidi bila kutafuta asiye Myahudi wa kumfanyia na bila kwenda kumuuliza rabi. Anayekawia ili aulize amekosea. Sheria ni kwamba kuokoa uhai huiondoa Sabato, na shaka tu ya hatari inatosha. Malaria ya mtoto mdogo usiku wa Ijumaa haina shaka yoyote.

Hoja ya marabi ni kwamba Sabato moja ivunjwe kwa ajili ya mtu ili apate kushika Sabato nyingi. Zamani za Wamakabayo, karne ya 2 kabla ya Kristo, kundi la watu walioshambuliwa siku ya Sabato walikataa kujitetea wakauawa wote pamoja na wake na watoto wao, na baada ya msiba huo Matatia na wenzake wakaamua kwamba kuanzia hapo watapigana hata siku ya Sabato. Uganda ina mfano wake. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya shirika la Ufaransa ilitekwa nyara na kuletwa Entebbe. Ndege za askari wa Israeli zilizokuja kuwaokoa mateka ziliruka alasiri ya Jumamosi tarehe 3 Julai, Sabato haijaisha, na baraza la mawaziri la Israeli lilitoa idhini ya mwisho siku hiyohiyo.

Kwa jamii iliyotokana na mtu aliyewahi kuwa miongoni mwa wakataa dawa, jambo hili lina uzito wake. Leo Abayudaya wana kituo cha afya Mbale kinachowatibu watu wa dini zote. Asije mtu akaificha homa ya mwanawe mpaka Jumapili akidhani anampendeza Mungu.

Kuimaliza

Sabato huisha nyota tatu za wastani zinapoonekana. Huku ikweta giza huja haraka: kati ya dakika 35 na 40 baada ya machweo inatosha, na wakati wa mawingu tumia hesabu hiyo bila kungoja nyota. Havdala, baraka ya kuiaga Sabato, husomwa juu ya kikombe, manukato na moto. Mkate haufai hapa, lakini penye upungufu wa divai kinafaa kinywaji kinachoheshimika nchini, na marabi wengi wamekubali bia, chai na kahawa. Kahawa ya Bugisu, basi, ina kazi mbili usiku huo. Manukato yawe karafuu, mdalasini au iliki ndani ya kikebe. Moto uwe na tambi zaidi ya moja, na mishumaa miwili iliyoshikwa pamoja mpaka miali ikutane inatosha. Baada ya hapo ndipo simu iwashwe.

Sikukuu

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi mwandamo lakini haiachi majira: katika kila miaka 19, miaka saba huongezwa mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo sikukuu husogea mbele na nyuma bila kuzunguka mwaka mzima kama Ramadhani. Mwaka wa 5787 unaanza machweo ya Ijumaa tarehe 11 Septemba 2026 na ni mwaka wenye mwezi wa ziada, ndiyo maana Pasaka ya 2027 itachelewa mpaka machweo ya tarehe 21 Aprili, ilhali ile ya 2026 ilipangwa machweo ya tarehe 1 Aprili. Nunua kalenda iliyochapishwa au omba nakala sinagogi; usikisie kwa kutazama mwezi.

Rosh Hashana, yaani mwaka mpya, ya 2026 inaangukia Jumamosi na Jumapili, na siku ya Sabato baragumu haipigwi, kwa hiyo sauti yake itasikika Jumapili tu. Baragumu yenyewe ni pembe ya kondoo dume. Ya mbuzi au ya tandala pia inafaa. Pembe ya ng'ombe haifai kabisa, kwa kauli ya Mishna, na hapo wale wenye ng'ombe wa Ankole wanahuzunika, maana pembe zao zingesikika mpaka Soroti.

Yom Kipur, Siku ya Upatanisho, ni machweo ya Jumapili tarehe 20 Septemba hadi usiku wa Jumatatu tarehe 21. Ni saa 25 bila chakula wala maji, bila kuoga, bila kujipaka mafuta, bila viatu vya ngozi na bila tendo la ndoa. Kandambili za plastiki zinaruhusiwa. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi ya Jumapili badala ya kuyabugia jioni. Mgonjwa, na mjamzito aliyeambiwa na mhudumu wa afya asifunge, wale na kunywa bila haya.

Sukoti, sikukuu ya vibanda, huanza machweo ya tarehe 25 Septemba, na hapa Mbale tumejaliwa vifaa. Kibanda kiwe na kuta tatu, kimo chake kisipungue viganja kumi, yaani karibu sentimita 80, na paa liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa: majani ya mgomba, matete, mianzi, makuti. Mabati na turubai havifai kuwa paa, hata kwa kona moja ya kukalia. Kivuli kizidi jua, lakini nyota kubwa zionekane. Usikijenge chini ya mwembe, kwani mti ulio hai si paa. Na usiinamishe migomba iliyosimama ukaifunga juu, jambo ambalo fundi mvivu hulipenda. Mvua za Septemba na Oktoba zitanyesha, na Mishna imeliona hilo: mvua ikifikia kiasi cha kuuharibu uji bakulini, ingieni ndani ya nyumba. Majani ya mgomba hunyauka siku ya tatu, hivyo weka akiba ya kuongezea.

Pasaka ndiyo nzito kwa mwenye nyumba, na ndiyo inayokumbukwa zaidi hapa. Idi Amin aliipiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa, walio wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, na waliobaki, karibu watu 300, walisali kwa siri majumbani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na machweo ya siku hiyohiyo Pasaka ikaingia. Kwa hiyo hadithi ya kutoka Misri inaposimuliwa mezani, wazee wana hadithi ya pili ya kuongeza, na mwongozo wowote wa Pasaka ya Mbale utakuwa na upungufu usipomwachia mzee nafasi ya kuisimulia kabla ya chakula.

Kwa upande wa kazi: wiki nzima kabla, toa nyumbani kila kitu cha ngano na nafaka zile nyingine nne kilichochacha au kinachoweza kuchacha, yaani mkate, mandazi, chapati, biskuti, bia na unga wa ngano. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho, pita kila chumba na mshumaa, tazama nyufa, chini ya vitanda na mifuko ya makoti ya watoto. Kesho yake asubuhi choma kilichopatikana. Matza, mkate usiochacha wa Pasaka, hukandwa kwa unga na maji tu, na tangu maji yaguse unga mpaka iive zisipite dakika 18. Hilo linahitaji watu wanne: mmoja wa kukanda, wawili wa kusukuma na kutoboa kwa uma, mmoja wa kuoka, chuma kiwe moto kabla maji hayajaguswa, na donge liwe dogo la matza tatu au nne. Donge lililosahauliwa mezani litupwe.

Mahindi, mchele, mtama, maharage na karanga havimo katika nafaka tano. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya mashariki waliviacha wakati wa Pasaka kwa desturi, na mwaka 2015 marabi wa mkondo wa Kikonsavativu walitoa ruhusa ya kuvila. Kwa familia inayofuata ruhusa hiyo, posho na kalo hubaki mezani siku zote nane, mradi unga usagwe kabla ya sikukuu katika mashine iliyosafishwa, kwa sababu mashine nyingi za mtaani husaga ngano na mahindi kwa zamu. Mfuate msagaji asubuhi, kabla hajaanza kazi za wengine, umlipe asage debe moja la mahindi ya kusafishia, na unga huo wa kwanza umwachie.